Pale Kupona Kunapozuia Kukua

Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga akatuonyesha paja la mpwa wangu. Mfupa ulikuwa umekatika katikati, na ncha zake mbili hazikukutana; moja ilikuwa imepanda ubavuni mwa nyingine. Dada yangu akauliza ni lini watauvuta ukae sawasawa. Daktari akajibu kwamba plasta iliyokwisha kuwekwa inatosha, na kwamba zile ncha ameziacha zipishane kiasi cha sentimita moja kwa makusudi.

"Mama, mguu uliovunjika utakua haraka kuliko mwenzake," alimwambia. "Nikiulinganisha leo, baada ya mwaka na nusu au miwili utakuwa umeupita."

Dada aliridhika. Mtoto mwenyewe, wa miaka mitano, alitaka tu kujua kama plasta inaruhusiwa kuchorwa.

Mimi ndiye niliyeondoka na kero.

Mfupa ulivunjika katikati ya paja. Sehemu za gegedu zinazourefusha ziko mbali na hapo: moja nyongani, nyingine jirani na goti. Kati ya jeraha na gegedu la goti upo mfupa mgumu na uboho ndani yake. Habari za kuvunjika zilifikaje huko? Na gegedu, likishazipata, kwa nini lijibu kwa kukua?

Swali hilo halikuniacha kwa wiki kadhaa. Nilisoma, nikaacha, nikarudi. Nililolikuta mwishoni halikuwa lile nililoanza kulitafuta.

## Matundu mawili ya Hales

Kwamba mfupa hurefuka mwishoni na si katikati ni jambo lililojulikana zamani. Stephen Hales, kasisi wa Uingereza aliyekuwa na mazoea ya kupima kila kitu, alitoboa mfupa wa mguu wa kifaranga matundu mawili yaliyoachana nusu inchi. Miezi miwili baadaye mfupa ulikuwa umeongezeka inchi nzima, na matundu bado yameachana nusu inchi ileile. Alichapisha habari hizo mwaka 1727. Baadaye John Hunter alipachika vipande viwili vya risasi kwenye mfupa wa nguruwe mchanga, naye akapata jibu lilelile.

Kwa hiyo sehemu iliyovunjika katikati ya paja haikuwa na uwezo wowote wa kuurefusha mguu. Ilibidi bamba la ukuaji, lile tabaka la gegedu linalourefusha mfupa kule mwishoni, ndilo libadili mwendo.

## Seli zilizopanga foleni

Bamba hilo ni jembamba sana, na ndani yake hakuna mshipa wa damu hata mmoja. Upande unaotazama ncha ya mfupa kuna seli za gegedu zilizotulia, chache, zisizo na haraka. Zikiamka hugawanyika na kujipanga safu ndefu. Kisha huacha kugawanyika, huvimba mara kadhaa kuliko zilivyokuwa, na kuvimba huko ndiko kunakoongeza urefu kuliko hatua nyingine yoyote. Mwisho wa safu, gegedu linalozizunguka hushika chokaa, mishipa ya damu hupenya kutoka chini, na mfupa hujengwa juu ya mabaki yake.

Safu haiendi ovyo. Seli zinazokaribia kuvimba hutoa protini iitwayo Ihh. Zile za juu nazo hutoa PTHrP, ambayo huwazuia wenzao wasivimbe kabla ya wakati. Juu na chini wanapeana taarifa muda wote.

Vitabu vya zamani vilisema seli zilizovimba hufa zote, zikaiachia nafasi kazi ya mfupa. Maelezo hayo yalikuwa yamepangika mno kwangu: gegedu hufa, mfupa huja, mpaka uko wazi. Lakini mwaka 2014 watafiti waliozitia alama seli hizo katika panya, wakazifuata zilikokwenda, walikuta baadhi yake zinaishi na kugeuka wajenzi wa mfupa. Mwaka 2018 kundi jingine likaonyesha kwamba katika zile seli tulivu za juu zimo seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli za aina nyingine, na uzao wake hushuka safu nzima hadi kutokea upande wa pili, ukaingia kwenye mfupa na hata kwenye uboho.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama bamba kwa jicho jingine. Gegedu si jirani wa mfupa. Ni mzazi wake.

## Ile sentimita moja

Daktari yule hakubahatisha. Kwa watoto wa kati ya miaka 2 na 10, paja lililovunjika katikati huongeza urefu wa ziada kwa wastani wa karibu sentimita 1. Wengine hupata nusu ya hiyo, wengine hupita sentimita 2. Sehemu kubwa ya nyongeza hutokea ndani ya miezi 18 ya mwanzo, kisha mambo hutulia.

Maelezo ya kwanza yaliyonivutia yalihusu utando. Mfupa umevalishwa utando mgumu, periosteamu, ulioshikamana na kingo za bamba la ukuaji juu na chini. Kwa mtoto ni mnene, nao umeubana mfupa kama soksi. Mfupa ukivunjika, utando huchanika, na bamba lililokuwa limezuiwa hupata nafasi. Léopold Ollier, mpasuaji wa Ufaransa, aliandika juu ya utando huu na ukuaji wa mifupa mwaka 1867, na baadaye majaribio kwa kuku yalionyesha kwamba kuukata kwa kuuzungusha kisu, bila kuvunja chochote, kunatosha kuurefusha mfupa. Inakwenda sambamba na kanuni ya Hueter na Volkmann ambayo madaktari wa mifupa huifahamu vizuri: bamba likigandamizwa hupunguza mwendo, likivutwa huongeza.

Nikaona nimepata.

Kisha nikakutana na muundi, mfupa wa chini ya goti.

Mwaka 1981 ulichapishwa uchunguzi wa watoto waliovunjika paja, na mwandishi wake hakupima paja peke yake. Alipima pia muundi wa mguu uleule, mfupa ambao haukuguswa na ajali. Kwa zaidi ya watoto 8 kati ya 10, muundi nao ulikuwa umezidi, kwa wastani wa milimita 3 hivi.

Utando wa muundi haukuchanika. Soksi yake ilikuwa nzima. Nani basi aliuambia ukue?

Jibu linalotolewa ni damu. Mfupa unaopona huvuta damu nyingi kwenye mguu mzima, na hali hiyo huendelea kwa miezi. Bamba halina mishipa ndani yake, lakini seli zake tulivu hulishwa na mishipa iliyo ng'ambo ya ukingo wake wa juu. Mishipa hiyo ikijaa, chakula, oksijeni na homoni huzifikia seli kwa wingi kuliko kawaida. Maelezo ya damu peke yake nayo yana udhaifu wake: ni ya jumla mno, na hayasemi kwa nini paja hupata sentimita nzima na muundi milimita chache. Ukiyaweka mawili pamoja, hesabu inaelekea kukubali. Paja limefunguliwa utando na kuongezewa damu. Muundi umeongezewa damu tu. Mimi sioni haja ya kuyagombanisha.

Nililoliona la maana zaidi ni hili: hakuna habari iliyotumwa. Seli ya gegedu haijui kwamba mfupa umevunjika, wala haina haja ya kujua. Inachopata ni hali yake yenyewe kubadilika, kubanwa kidogo kuliko jana na kulishwa zaidi, nayo inaitikia hayo. Mwitikio huohuo ungetokea kwa sababu nyingine yoyote.

Swali langu la kwanza likaishia hapo. La pili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu nilijiuliza: kama bamba huchangamka hivi kwa jeraha lililo mbali, je, jeraha likilipata lenyewe?

## Shimo ndani ya bamba

Watafiti wa Adelaide, Australia, wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi katika panya wachanga. Hutoboa tundu katikati ya bamba la ukuaji la muundi, kisha huangalia siku kwa siku.

Siku tatu za mwanzo tundu huvamiwa na seli za kinga. Hadi kufikia mwisho wa wiki ya kwanza zimejaa seli changa zinazofanana na zile za kwenye kovu, nyingi zikitoka upande wa uboho. Wiki ya pili seli hizo zinajenga mfupa. Baada ya hapo mfupa ule unarekebishwa, unapata uboho wake ndani, unaonekana kana kwamba umekuwapo siku zote.

Na gegedu je? Seli zilizo kando ya tundu hupotea baadhi. Zilizosalia hugawanyika kwa uzito, safu zake zinapinda, nyingine zinarundikana mafungu mafungu. Hazilijazi tundu.

Niliisoma hatua hiyo ya wiki ya pili mara nyingi. Kwa mfupa wowote mwingine mwilini hayo ndiyo maelezo ya uponaji uliofanikiwa. Mfupa una sifa ambayo ngozi haina: hauponi kwa kovu, hupona kwa mfupa. Jeraha la paja la mpwa wangu litakapokamilika kupona, huenda hata eksirei isione mahali lilipokuwa.

Kwenye bamba la ukuaji mafanikio hayohayo ndiyo maafa. Daraja la mfupa linaunganisha ncha na shina, juu na chini ya gegedu, na pale lilipo urefu unakoma. Likikaa katikati, mfupa mzima hubaki mfupi. Likikaa pembeni, upande mmoja unazuiwa huku mwingine ukiendelea kusukuma, na mguu unapinda mwaka hadi mwaka.

Nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba ulemavu baada ya jeraha ni kushindwa kwa mwili. Hapa hakuna kilichoshindwa. Kila seli imefanya inachokijua.

Na tukumbuke kwamba mwili wenyewe hujenga daraja hilo kwa wakati wake. Katika ujana homoni ya estrojeni huchosha bamba, mfupa huvuka, urefu hufungwa. Ni hivyo kwa wavulana pia. Mwaka 1994 iliripotiwa habari ya mwanamume wa miaka 28, urefu sentimita 204, ambaye mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni. Mabamba yake yalikuwa bado wazi na alikuwa akiendelea kurefuka. Daraja la jeraha si kitu kigeni basi. Limewahi tu.

## Goti na kifundo cha mkono

Si kila mvunjiko wa bamba huishia hivyo. Kati ya asilimia 15 na 30 ya mivunjiko ya watoto hugusa bamba la ukuaji, na wengi wao hawapati shida yoyote. Mwaka 1963 Robert Salter na Robert Harris, wote wa Toronto, waliigawa mivunjiko hii aina tano, na mgawanyo wao ungali ukitumika kila siku hospitalini. Aina ya kwanza na ya pili, ambazo ni za kawaida, hupasuka kupitia pale seli zilipovimba. Pana maana: seli zikivimba, ukuta wa gegedu kati yao hubaki mwembamba, na hapo ndipo bamba lilipo dhaifu. Seli tulivu husalia salama upande wa juu, zikiwa na mishipa yake ya chakula. Mfupa ukirudishwa mahali pake, safu mpya huanza kushuka.

Aina ya tatu na ya nne hulikata bamba kupitia seli tulivu zenyewe. Ya tano hulisaga. Hizo ndizo zinazoogopwa.

Ila mgawanyo huo hausemi kila kitu. Mtoto akivunjika bamba kwenye kifundo cha mkono, wanaopata hitilafu ya ukuaji ni wachache mno kati ya mia. Akivunjika bamba la paja pale kwenye goti, ni karibu nusu, hata kwa aina ya pili ambayo ingepaswa kuwa nyepesi. Tofauti kubwa ipo kwenye umbo. Bamba la kifundo cha mkono ni bapa, ufa hupita moja kwa moja kwenye tabaka moja. La goti lina mabonde na vilima. Ufa unaokwenda mnyoofu hauna budi kuingia kwenye seli zilizovimba, utoke, uguse seli tulivu, urudi tena. Na pale goti ndipo panapotoa karibu asilimia 70 ya urefu wa paja, yapata sentimita 1 kila mwaka. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kupata umbo kama hilo.

## Kwa nini gegedu halijazi?

Hili ndilo lililonitatiza kuliko yote, kwa kuwa seli hizi si wanyonge.

Mwaka 2002 watafiti walikata sehemu ya bamba katika sungura: wakaondoa seli zinazogawanyika na zilizovimba, wakaacha zile tulivu peke yake. Ndani ya wiki moja bamba lilikuwa limejijenga upya, safu zake zote zipo. Jaribio jingine la mwaka 2018, katika panya, lilizuia baadhi ya seli za gegedu za mguu mmoja zisigawanyike. Seli nzima zilizochanganyika nazo ziligawanyika zaidi, zikafidia wenzao, na mguu haukupungua kwa kiasi ambacho mtu angetarajia.

Seli zinazoweza hivyo zinashindwaje na tundu la msumari?

Ninavyoielewa, hazishindwi kwa uwezo, zinashindwa kwa muda. Katika yale majaribio mengine damu haikuingia mahali pa seli tulivu. Tundu linalopenya bamba linafungua njia kutoka kwenye uboho, na damu inaingia pamoja na seli zilizokwisha kuelekea kujenga mfupa. Gegedu hukua bila mishipa na huenda polepole. Kabla seli za kando hazijapanga safu moja, nafasi imekwisha kushikwa. Ushahidi mmoja mdogo unaniunga mkono: madaktari hupitisha pini nyembamba laini kwenye mabamba ya watoto kila siku, na mara nyingi ukuaji hauathiriki. Njia iliyofunguliwa ni ndogo, na daraja jembamba linaloweza kutokea hukatika kwa nguvu ya ukuaji wenyewe.

## VEGF, rafiki asiyefukuzika

Kama tatizo ni mishipa ya damu, mtu angesema tuizuie. Protini inayoiita mishipa hiyo ni VEGF, na katika panya waliojeruhiwa bamba, kuizuia kulipunguza mfupa uliojengeka kwenye jeraha.

Furaha yangu ilidumu hadi nilipokumbuka zinakotoka taarifa hizo katika bamba lenye afya. Seli zilizovimba ndizo zinazotoa VEGF. Bila hiyo, mishipa haiingii mwisho wa safu, na gegedu halipokelewi na mfupa. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba panya wachanga wakizuiwa VEGF, tabaka la seli zilizovimba hunenepa na ujenzi wa mfupa hukwama. Dawa inayozuia daraja kwenye tundu inaweza kuzuia ukuaji kwenye kila bamba lingine la mtoto huyo. Ndiyo maana watafiti sasa hujaribu kuiweka palepale kwenye tundu, ndani ya vitu laini vinavyoiachia kidogo kidogo, badala ya kuichoma mwilini.

## Mafuta

Wakati hayo yakiendelea maabara, madaktari wa upasuaji walikwisha kupata njia yao. Mvunjiko wa bamba hufuatiliwa kwa picha hata baada ya mtoto kupona na kukimbia, na wanachotafuta ni mstari mweupe unaoitwa mstari wa Harris, alama ya kipindi ambacho ukuaji ulipungua baada ya ajali. Mstari ukisogea mbali na bamba huku ukienda sambamba nalo, ni habari njema. Ukiinama na kulikuta bamba upande mmoja, daraja lipo.

Katika miaka ya 1960 Anders Langenskiöld wa Helsinki alianza kulichimba daraja hilo na kulitoa, kisha akajaza shimo kwa mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Mafuta hayageuki gegedu na hayajengi chochote. Kazi yake ni kukaa pale ili mfupa usirudi, na gegedu zima lililobaki pembeni liendelee kusukuma. Wengine baadaye wametumia silikoni au saruji ya mifupa kwa kusudi lilelile. Kwa kawaida hufanyika daraja likiwa halijala zaidi ya nusu ya bamba, na mtoto akiwa na angalau miaka miwili ya kukua mbele yake.

Akiwa amebakiwa na muda mfupi kuliko huo, kulichimba hakulipi, na daktari huugeukia mguu wa pili, ule usioumia. Njia ya Dallas Phemister ya mwaka 1933 inasema: kata kipande cha mfupa kinachovuka ukingo wa bamba, kigeuze, kirudishe mahali pake, ufanye hivyo pande zote mbili. Wiki chache baadaye mfupa umevuka gegedu lenye afya kwa makusudi, mguu mzuri umeacha kukua, na ule mfupi haubaki nyuma zaidi.